Ofisi Moja, Njia Mbili za Intaneti

Sekta ya Rwezamenyo, katika wilaya ya Nyarugenge mjini Kigali, ni mahali ambapo Kiswahili hakikungoja sheria ya mwaka 2017 iliyokitangaza kuwa miongoni mwa lugha rasmi za Rwanda. Kilikuwa kikisemwa tangu zamani huko na katika mitaa jirani ya Nyamirambo na Biryogo, misikitini na madukani, kwa mafundi cherehani na kwa wachoma nyama. Siku hizi, pamoja na mlio wa cherehani, husikika pia mlio wa mashine ya kuchapia karatasi, kwani ofisi ndogo zenye kompyuta mbili tatu zimekuwa jambo la kawaida mtaani. Mwananchi huingia humo na kitambulisho chake mkononi, akatoka na cheti.

Kazi za ofisi hizo si mchezo. Maombi ya cheti cha kuzaliwa, maandikisho ya mtihani wa leseni ya udereva na hati nyingine nyingi za serikali hupitia Irembo, mfumo ulioanza kutumika mwaka 2015. Malipo hupitia simu. Stakabadhi ya kodi hutolewa kwa utaratibu wa EBM ulioanza mwaka 2013. Mambo hayo yote yana barabara moja tu ya kupitia, nayo ni intaneti. Barabara hiyo ikifungika, mwenye ofisi hubaki na viti, meza na kodi ya pango.

Na achukuliwe kwa mfano mama mmoja mwenye ofisi ya namna hiyo. Ni wa kubuni, bali hali yake haikubuniwa. Ni Jumatatu saa tatu asubuhi. Vijana watano wameketi juu ya benchi wakingoja kuandikishwa kwa mtihani wa udereva, na inajulikana kuwa nafasi za mtihani huo hugombewa. Mama amekwisha kuwaandikisha wawili. Anapofika katikati ya fomu ya wa tatu, ukurasa unasimama. Kisanduku cha faiba ukutani kimewaka taa nyekundu. Mama hakukosa akili ya kujiwekea akiba, kwani juu ya rafu anayo modemu nyingine ya 4G ya kampuni tofauti, ambayo huilipia kila mwezi. Anainama chini ya meza, anachomoa waya huu na kuchomeka ule, anazima kompyuta na kuiwasha, anaandika upya neno la siri, anaanza fomu upya. Inapotimu saa nne anafanikiwa. Lakini kijana wa tano anakuta nafasi za wiki ile zimekwisha, naye anaondoka kimya pasipo kulipa, na yamkini kesho ataingia ofisi ya jirani.

Jioni anamwita fundi. "Kaka, mbili nalipia kila mwezi, na bado nakaa bure," anasema.

"Mama, njia unazo mbili," anajibu fundi, "lakini huna mwelekeza njia."

Mwelekeza njia huyo ndiye jambo la makala haya. Jina lake la kigeni ni fayawoli. Waashi walilitumia jina hilo kabla ya watu wa kompyuta, kwa maana ya ukuta mnene unaojengwa baina ya nyumba mbili zilizoshikamana, ili moja ikiungua nyingine isalimike. Watu wa kompyuta waliliazima kwa mashine inayokaa baina ya mtandao wa ndani na ulimwengu wa nje, ikichungua kila pakiti ya habari inayoingia au kutoka, na kuikubali au kuikataa kwa mujibu wa amri ilizoandikiwa. Kwa kuwa kila kitu hupita mbele yake, ikaonekana kuwa mlinzi huyo aweza pia kupewa kazi ya pili: kuamua ni mlango upi wa nje utumike. Mlinzi akawa pia tarishi.

Mashine yenyewe si lazima iwe ya fahari. Kompyuta kuukuu iliyokwisha kustaafu yaweza kufaa, maadam ina matundu matatu ya waya wa mtandao: moja la faiba, moja la modemu ya 4G, na moja la kwenda ndani ofisini. Ndani yake hutiwa programu ya bure. Mojawapo ni pfSense, iliyoanza mwaka 2004. Nyingine ni OPNsense, iliyochipuka kutoka hiyo ya kwanza mwaka 2015 kwa juhudi za watu wa Uholanzi. Wasiotaka kompyuta kubwa hununua visanduku vidogo vya MikroTik, kampuni ya mji wa Riga, Latvia, ambavyo hula umeme kidogo sana. Majina ya vitufe hutofautiana, lakini fikra ni ile ile. Maelezo yafuatayo yanashika desturi ya pfSense.

Shida ya kwanza hutokea kabla ya kazi yenyewe kuanza, nayo imewapotezea mafundi wengi saa nyingi. Modemu hutoka kiwandani zikiwa zimepewa anwani, na aghalabu anwani hizo hufanana. Faiba itasema kuwa nyumba yake ni 192.168.1.1, na modemu ya 4G nayo ikasema hivyo hivyo, na pengine hata upande wa ndani wa fayawoli ukawa na anwani za ukoo huo huo. Mashine ikiambiwa kwamba mlango wa mashariki na mlango wa magharibi vyote viwili vinatokea katika mtaa mmoja wenye jina moja, haiwezi kujua ipitie wapi. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuzitenganisha: faiba ibaki 192.168.1.1, modemu ya 4G ihamishiwe 192.168.2.1, na upande wa ndani upewe kwa mfano 192.168.10.1. Ni kazi ya dakika kumi. Ikisahauliwa, hakuna kitakachofuata kitakachofaa.

Baada ya hapo yatengenezwa malango mawili, moja kwa kila mtoa huduma, kisha malango hayo hutiwa katika kundi. Ndani ya kundi kila lango hupewa daraja, kuanzia la 1 hadi la 5. Hapo ndipo mwenye ofisi anapotakiwa achague, na mafundi wengi humchagulia wenyewe bila kumwuliza. Malango mawili yakiwekwa katika daraja moja, kazi hugawanywa baina yao, mteja huyu akipita huku na yule akipita kule. Yakiwekwa katika madaraja tofauti, lile la daraja la 1 hufanya kazi yote, na lile la daraja la 2 hukaa likingoja mwenzake aanguke.

Wengi huvutiwa na ule mgawanyo, kwa kudhani kuwa laini mbili za megabiti 10 zitakuwa laini moja ya megabiti 20. Sivyo. Muunganisho mmoja ukianza hupita katika laini moja mpaka mwisho wake. Mtu anayeteremsha faili moja kubwa hataona tofauti yoyote. Faida huonekana pale tu watu wengi wanapofanya kazi nyingi kwa wakati mmoja, mithili ya soko lenye milango miwili: msongamano hupungua, lakini mtu mmoja hatembei kwa kasi zaidi kwa sababu tu kuna mlango wa pili. Laini zikiwa na nguvu tofauti, huweza kupewa uzito, kwa mfano 3 kwa faiba na 1 kwa 4G, ili katika kila miunganisho minne mitatu iende kwenye faiba.

Kwa ofisi ya mama wa Rwezamenyo mgawanyo huo una hatari yake. Kila mtoa huduma humpa mteja anwani yake mwenyewe ya kujulikana nje. Tovuti za benki, na nyingine zinazoomba neno la siri, zikimwona mtu yule yule akiingia kwa anwani moja na kubofya kitufe kwa anwani nyingine, humshuku na kumtoa nje. Programu ina namna ya kumgandisha mteja kwenye laini aliyoanza nayo, lakini kugandisha huko nako huisha baada ya muda. Kwa hiyo ofisi yenye kazi za fomu na malipo hufaa zaidi iende kwa madaraja: faiba daraja la 1, 4G daraja la 2.

Sasa mashine itajuaje kuwa faiba imeanguka? Swali hilo ndilo kiini cha kazi yote, na ndilo ambalo hujibiwa kwa haraka mno. Fayawoli hutuma salamu fupi kwenye anwani fulani na kungoja jibu. Katika pfSense salamu hiyo hutumwa mara mbili kila sekunde, na hesabu hufanywa kwa wastani wa sekunde 60 zilizopita. Salamu 10 katika 100 zikipotea, mashine hutoa onyo. Zikipotea 20, lango huhesabiwa kuwa limekufa. Vivyo hivyo jibu likichelewa: milisekunde 200 ni onyo, milisekunde 500 ni kifo. Tarakimu hizo zaweza kubadilishwa, na mara nyingine hapana budi zibadilishwe. Mfano mzuri ni setilaiti za zamani, zinazokaa kilomita zipatazo 36,000 juu ya ikweta. Salamu ya kwenda na jibu la kurudi husafiri mara nne masafa hayo, yaani kilomita 144,000, na hata kwa mwendo wa nuru huchukua karibu nusu sekunde kabla mitambo haijaongeza ucheleweshaji wake. Mtu akiunganisha setilaiti ya namna hiyo na kuacha kipimo kama kilivyotoka, fayawoli itaitangaza kuwa maiti ilhali ni mzima.

Kinyume chake ni kibaya zaidi, yaani maiti kutangazwa kuwa mzima. Programu isipoambiwa lolote, humsalimu jirani wa karibu kabisa, ambaye ni modemu yenyewe iliyo ukutani. Modemu hiyo ina umeme, taa zake zinawaka, inajibu salamu kwa adabu zote. Kumbe mita 500 kutoka hapo lori limeangusha nguzo, na faiba imekatika. Fayawoli inaendelea kuandika kuwa hali ni njema, na modemu ya 4G inaendelea kukaa bure juu ya rafu. Ndiyo sababu ya ofisi nyingi kutengenezewa njia mbili zikaonekana zinafanya kazi siku fundi alipokuwapo, zikashindwa siku zilipohitajiwa. Dawa yake ni kuipa kila lango anwani ya kusalimu iliyo mbali, nje ya milki ya mtoa huduma, kwa mfano 8.8.8.8 ya Google kwa laini ya kwanza na 1.1.1.1 ya Cloudflare kwa laini ya pili. Hazitakiwi kufanana, kwa maana mashine hufunga kila anwani ya salamu kwenye laini yake, na anwani moja haiwezi kufungwa pande mbili.

Kufungwa huko kuna mkia wake. Kompyuta haijui majina. Ikiandikiwa jina la tovuti, lazima kwanza iulize seva ya DNS ili ipewe tarakimu. Fundi akiwa ameiandikia fayawoli seva moja tu ya majina, 8.8.8.8, na anwani hiyo imekwisha kufungwa kwenye faiba, basi faiba ikianguka hakuna jina litakalopatikana, japokuwa 4G iko hai na ina nguvu. Mama ataona ukurasa mweupe na kusema kuwa ile akiba haifai kitu. Katika hali ya namna hiyo laini haina kosa. Kilichokosekana ni kitabu cha majina. Kompyuta za ndani zafaa zimwulize fayawoli, na fayawoli yenyewe iwe na seva za majina mbili au zaidi, walau moja kwa kila lango.

Zinafuata amri. Kutengeneza kundi la malango hakutoshi, kwani kundi halitumiki mpaka itajwe amri inayosema kuwa habari zitokazo ndani zipitie kundi hilo. Amri husomwa kutoka juu kwenda chini, na ya kwanza inayolingana ndiyo inayofuatwa. Zilizo chini yake hazisomwi tena. Kwa hiyo, ofisi yenye mitandao miwili ya ndani, mathalani mmoja wa kompyuta za kazi na mwingine wenye mashine ya kuchapa, yahitaji kwanza amri ya kuruhusu mitandao hiyo isemezane, ndipo chini yake ije amri ya kundi. Mpangilio ukipinduliwa, karatasi inayotakiwa kuchapwa hatua tatu kutoka mezani itatupwa nje kwenye intaneti, isifike popote.

Liko pia suala la wale vijana wa kwenye benchi. Ofisi nyingi huwapa wateja wake intaneti ya bure wanapongoja, na ni ukarimu wa kusifiwa. Lakini faiba ikianguka na wote wakahamia kwenye modemu ya 4G iliyonunuliwa kwa kifurushi, video mbili tatu za mpira zaweza kumaliza kifurushi kabla fomu ya kwanza haijajazwa. Inafaa wateja wawe na mtandao wao, wenye amri ya kupitia faiba peke yake. Hapa pfSense ina tabia ya ajabu ambayo fundi asiyeijua itamwaibisha. Lango lililotajwa katika amri likifa, programu kwa kawaida haiachi kuitumia amri hiyo, bali huifuta sehemu ya lango na kuwapitisha watu kwenye njia kuu iliyo hai. Yaani wale vijana waliokatazwa 4G watajikuta wako kwenye 4G. Kuna kisanduku kimoja katika mipango ya ndani kinachoiamuru programu iiruke amri nzima pindi lango lake lisipokuwapo. Hicho hutiwa alama, na chini ya amri ya wateja huwekwa nyingine ya kuwazuia wasitoke kwa njia yoyote nyingine. Benchi litanung'unika kwa muda, nazo fomu zitaendelea kujazwa.

Yote yaliyosemwa hadi hapa ni ya ndani ya chumba. Nje ya chumba kuna swali ambalo fayawoli haiwezi kulijibu hata kidogo: je, njia hizo mbili ni mbili kweli?

Historia ya Rwanda yenyewe inatoa mfano usiosahaulika. Mwaka 2013 serikali ilifanya mapatano na kampuni ya KT ya Korea ya Kusini, na kutokana na mapatano hayo ikaanzishwa KT Rwanda Networks. Mwaka 2014 mtandao wa 4G ukaanza kutumika Kigali, kisha ukaenea karibu nchi nzima. Mpango ulikuwa kwamba kampuni hiyo moja ijenge na kuuza 4G kwa jumla, na kampuni za simu zinunue kwake na kuuza kwa rejareja. Mpango huo uliepusha gharama ya kusimamisha minara juu ya minara katika nchi ndogo yenye milima. Lakini kwa mtu aliyekuwa akitafuta akiba, maana yake ilikuwa kwamba aliyenunua laini mbili za 4G kwa kampuni mbili, zenye rangi mbili na ankara mbili, alikuwa amenunua mnara mmoja mara mbili. Mwezi wa Oktoba 2022 serikali ilitangaza sera mpya iliyoufungua mlango huo, na mwaka 2023 MTN ikaanzisha 4G yake yenyewe. Tangu hapo swali la "laini hizi zinatoka mnara gani?" limepata maana mpya, nalo lafaa kuulizwa dukani kabla ya fedha kutoka mfukoni. Na faiba vivyo hivyo: kampuni mbili zaweza kutundika nyaya zao juu ya nguzo zile zile, au kuzilaza katika mtaro ule ule kando ya barabara.

Ukienda mbali zaidi, swali hukua. Rwanda haina bahari. Intaneti yake husafiri kwa faiba kupitia Uganda na Tanzania mpaka pwani, Mombasa na Dar es Salaam, na huko hukutana na mikongo ya baharini. Mkongo wa SEACOM ulifika mwaka 2009, na mwaka huo huo ukafika TEAMS unaotoka Mombasa hadi Fujairah katika Falme za Kiarabu. EASSy, wenye urefu wa kilomita zipatazo 10,000 kutoka Afrika ya Kusini hadi Sudan, ulianza kazi mwaka 2010. Kabla ya hapo Afrika ya Mashariki nzima ilitegemea setilaiti zile za kilomita 36,000, kwa bei ambayo ofisi ya mtaani isingeiweza.

Watu walihesabu mikongo hiyo na kutulia. Tarehe 18 Februari 2024, katika vita vya Bahari ya Shamu, meli ya mizigo iitwayo Rubymar ilipigwa kombora na Wahouthi wa Yemen. Mabaharia waliiacha, nayo ikaelea ikiburura nanga yake sakafuni mwa bahari. Siku chache baadaye mikongo mitatu ilikatika katika maji hayo, na sehemu ya kaskazini ya SEACOM ilikuwa miongoni mwake. Jeraha hilo halijapona ilipofika Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, na siku hiyo SEACOM na EASSy vikakatika vyote viwili upande wa kusini, karibu na pwani ya Afrika ya Kusini. Msomaji akitazama ramani ataona jambo la kustaajabisha kidogo: mikongo hiyo miwili, iliyo mali ya makampuni tofauti na iliyojengwa kwa fedha tofauti, huibuka nchi kavu mahali pamoja, katika kijiji cha Mtunzini. Ilikuwa ni ile hadithi ya nguzo moja, ila nguzo yenyewe ilikuwa ni bahari. Tanzania iliumia sana. Ubalozi wa Marekani mjini Dar es Salaam ulifunga milango yake kwa umma kwa siku mbili kwa sababu ya ubovu wa mtandao. Kenya, Uganda na Rwanda nazo zilipunguziwa kasi.

Katika siku kama hizo fayawoli huonekana kama imepagawa. Laini zote mbili zinajibu, lakini salamu zinapotea, mara 15 katika 100, mara 25. Mashine inaitangaza faiba kuwa maiti, inahamia 4G. 4G nayo inazidi onyo, inarudi faiba. Kila kuhama kunakata miunganisho. Fundi mwenye busara huongeza kwa muda kiwango cha kifo, hata kufikia salamu 40 katika 100, ili ofisi itulie kwenye njia moja mbovu kuliko kurushwa baina ya mbili.

Hata hivyo si kila kitu huenda baharini. Kigali ina RINEX, kituo cha kubadilishana habari kilichoanzishwa mwaka 2004, ambapo watoa huduma wa nchini hukutana na kupeana mizigo ana kwa ana. Mtu wa Rwezamenyo akifungua tovuti inayokaa kwenye mashine iliyo Kigali, habari zake zaweza kupita kituoni hapo na kurudi, bila kuonja maji ya chumvi. Ndiyo sababu mkongo ukikatika baadhi ya kazi huendelea na nyingine husimama katika chumba kimoja, jambo linalowachanganya wateja sana. Kwa ajili hiyo yafaa ofisi ijue ni zipi kati ya kazi zake zinakaa nchini.

Wenye uwezo zaidi waweza kuongeza njia ya tatu ya angani. Starlink iliruhusiwa na kuanza kazi Rwanda mwaka 2023, na setilaiti zake huruka kilomita zipatazo 550 tu, hivyo jibu halikawii kama la zile za zamani. Haitegemei nguzo ya mtaani wala mnara wa simu, ingawa nayo hushuka ardhini mahali fulani na kuungana na nyaya za wengine. Paul Baran, Mmarekani aliyeandika juu ya mitandao isiyovunjika mwaka 1964, alionyesha kwa hesabu kuwa kila kituo kikiwa na viungo vitatu au vinne mtandao hustahimili mapigo makubwa mno, na kuzidisha zaidi ya hapo hakuongezi sana. Alikuwa akifikiria vita vya nyuklia. Kwa benchi la vijana watano, viungo viwili vya kweli vinatosha.

Limebaki jaribio, nalo ndilo ambalo fundi mwenye haraka hulikwepa. Kuchomoa waya baina ya fayawoli na modemu ni jaribio rahisi, na karibu kila mpango hulishinda. Jaribio la haki ni kuiacha modemu ikiwa na umeme na waya wake wa ndani, kisha kuchomoa ule unaotoka nje ya nyumba. Hapo ndipo hujulikana kama salamu zinakwenda mbali au zinaishia ukutani. Hufanywa wakati mtu mmoja amefungua fomu, mwingine anazungumza kwa simu ya intaneti, na wa tatu ameshika saa. Fomu yaweza kuhitaji kubofywa upya, na mazungumzo ya simu yatakatika, kwa kuwa muunganisho uliokwisha kuanza hauhamishiki. Vitu vipya vyatakiwa vipite kabla ya dakika moja kwisha. Kisha faiba hurudishwa, na hutazamwa kama kazi mpya zinarejea kwake. Simu za intaneti mara nyingine hung'ang'ania njia ya akiba hata baada ya faiba kupona, zikila kifurushi polepole, mpaka miunganisho yake ifutwe kwa mkono.

Mama wa mfano, jaribio likifanywa mbele yake, atauliza swali moja ambalo fundi hakulitegemea.

"Na umeme ukikatika, kaka?"

Modemu mbili na kisanduku kidogo cha fayawoli hula umeme kidogo kuliko taa ya zamani, hivyo betri ndogo ya UPS yaweza kuvishikilia kwa saa kadhaa, kompyuta ya mapajani ikiendelea kwa betri yake yenyewe. Kompyuta kuukuu iliyogeuzwa fayawoli, kwa upande mwingine, huimaliza betri ile ile mapema, na katika miezi ya masika, Machi hadi Mei, ngurumo zinapoandamana juu ya milima ya Kigali, tofauti hiyo huonekana. Fundi anaandika jambo hilo katika daftari. Kisha anazifunga nyaya vitambaa vya rangi, buluu kwa faiba na njano kwa 4G, anaandika katika ukurasa wa kwanza anwani tatu, namba za simu za watoa huduma wawili na tarehe ya jaribio, na kulitundika daftari kwa uzi kwenye msumari kando ya kisanduku, mahali ambapo hata binti wa mama, anayeshika ofisi siku za Ijumaa, ataliona.